Wino Uliobaki

Bibi Macho Moto alizaliwa Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, barazani kwangu Gongoni, kwa sababu wino mwekundu ulikuwa umebaki.

Nasema alizaliwa kwa kuwa ndivyo nilivyojitetea mwanzoni: kwamba alikuja mwenyewe, kama mtoto ajavyo. Lakini hakuna mtoto asiye na mzazi. Mkono ulioshika brashi ulikuwa huu wangu wa kulia, na walioshuhudia ni wengi, na kila mmoja wao ni hodari wa kusimulia.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Ukiona saluni, bucha au duka la asali mjini Tabora lenye herufi nene zinazotupa kivuli upande wa kulia, hizo ni zangu, mimi Shaban. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba yangu, na tangu nikifungue hakijawahi kuwa kitupu. Birika la kahawa halipoi, kashata hazikauki, na habari za watu hupitia kwangu kabla hazijawafikia wenyewe. Asmahani, mke wangu, husema nyumba yetu ni kituo cha msafara wa zamani: watu wanatua mizigo yao ya maneno, wanakunywa, wanaondoka zao, na mizigo inabaki kwetu. Akisema hivyo mimi hucheka. Sikuwa na hofu ya kitu chochote duniani kama nyumba yenye kimya.

Mwaka juzi nilianza kuchora vitabu vya katuni. Shujaa wangu nilimwita Mpagazi. Alikuwa mtu wa Unyanyembe aliyebeba pembe ya ndovu kwenda pwani, akafia njiani mzigo ukiwa begani, na ardhi ikakataa kumpokea mpaka autue. Tangu hapo anaitembea njia ya kale, Ujiji hadi Bagamoyo na kurudi, akiwapokea wanyonge mizigo yao. Joho lake ni merikani, ile nguo nyeupe waliyolipwa babu zetu. Uso wake hauonekani, maana kivuli cha mzigo kimeufunika. Mashujaa wa ng'ambo waliochapwa kwenye fulana za watoto wetu wanaruka, wangu anatembea. Kwetu sifa haikuwa kuruka, sifa ilikuwa kufika. Zamani kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka aende pwani arudi, na kila mzee wa Gongoni aliponunua kitabu changu aliniambia kwa kunong'ona kwamba Mpagazi ni babu yake mwenyewe. Niliwakubalia wote.

Alhamisi hiyo, Issa alikuwa na neno. Issa ni mnunuzi wa asali. Huzunguka vijijini wiki nzima, kisha hurudi kwangu na madumu ya asali nyuma na ulimi wenye njaa mbele.

"Fundi, Mpagazi wako ameanza kunichosha," alisema huku akijimiminia kahawa. "Kitabu cha kwanza kaokoa mbuzi. Cha pili kaokoa daraja. Shujaa asiye na adui ni mlinzi wa godauni: sare anavaa, kazi yake kulala."

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

"Adui gani sasa? Nimchoree ukame?"

"Ukame hauna sura, bwana. Watoto wanataka sura ya kuzomea." Akavuta kigoda karibu, nasi sote tukainama, maana tunamjua akivuta kigoda. "Huko nyuma ya Goweko nilikotoka jana, radi imepiga. Mabani matatu ya kukaushia tumbaku yako mstari mmoja. La kushoto limeungua, la kulia limeungua. La katikati hata jani halikubabuka. Sasa niulizeni la nani."

"La nani?"

"La bibi kizee mmoja, yupo peke yake kama kisiki. Macho yake, wallahi, mekundu kama pilipili. Na mkononi ana kamba haivui, usiku wala mchana. Watu wanasema ndiyo anayofungia."

"Anafungia nini?" Zamda, jirani yetu, aliuliza akiwa amesahau kikombe hewani.

"Wewe unadhani nini? Mvua. Matumbo ya wanawake. Riziki za watu."

"Jina lake?"

"Yustina."

Brashi yangu ilisimama. Hapo ndipo penyewe. Nimeirudia dakika ile mara nyingi, nikiivaa na kuivua kama nguo, na kila mara naikuta ina nafasi ya kutosha: mtu angeweza kuvuta pumzi, akaweka brashi chini, akasema, "Issa, huyo namfahamu." Ni maneno matatu tu. Lakini baraza lilikuwa limejaa, kicheko kilikuwa kinakuja, nami nilikisikia kwa mbali kama mtu asikiavyo mvua ikija juu ya mabati ya jirani.

Octavian mpiga chapa alikuwa amenikubalia rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu. Nyekundu nilishaitumia kwenye mkanda wa Mpagazi, ikabaki robo kopo. Nikachovya. Nikachora kizee mwenye mgongo wa upinde, na ndani ya uso mweusi nikatia nukta mbili nyekundu.

"Lahaula!" Zamda akapiga kelele, na baraza zima likaangua kicheko.

"Kamba, fundi, kamba!" Issa alisema akijifuta machozi.

Nikachora kamba. Issa hakusema iko mkono gani. Mimi niliichora mkono wa kushoto.

*

Nilikuwa na miaka saba mama yangu alipolazwa, na baba, aliyekuwa akinunua nta vijijini, akaniacha kwa Yustina kwa siku mbili tatu. Siku hizo zikawa misimu miwili ya tumbaku. Sikumwita bibi wala shangazi. Nilimwita mayu, kama watoto wa pale walivyowaita mama zao, na hakuna aliyenikosoa.

Yeye hakuwa na mtoto. Alikuwa na bani, kijumba kirefu cha matofali kisicho na dirisha, majani yakining'inia ndani kwenye fito na tanuri likihema chini. Moto wa bani haupaswi kuzimika wala kuzidi. Kwa siku sita mfululizo unautunza kama mgonjwa. Mtu mwenye mume na watoto hupokezana nao. Yustina alipokezana na nani? Alikaa mbele ya lile tanuri peke yake, akakodoa macho ndani ya moshi, na mimi niliyaona yale macho yakizidi kuwa mekundu msimu kwa msimu, kama tofali liivavyo. Yalipomwuma, nilishika upindo wa kanga yake, nikaupulizia pumzi mpaka upate joto, nikamkanda nao. "Umeniponya," alikuwa akiniambia, hata kama hajapona.

Asubuhi, kabla hatujaenda kutafuta kuni kwenye msitu wa miyombo, alikata vipande viwili vya kamba ya kufungia majani. Kimoja alinifunga kifundo cha mkono wa kushoto, cha pili akajifunga yeye.

"Ukipotea," alisema, "usilie. Tazama kamba. Mwenye nyingine anakutafuta."

Mama alipopona, baba alikuja kunichukua. Kamba yangu ilikatwa siku ileile nyumbani, kwenye karai la kuogea. Yake, kumbe, hakuikata. Au ilipochakaa alifunga nyingine, na nyingine, miaka thelathini na nane.

Mara ya mwisho nilimtembelea miaka kumi na moja iliyopita. Nilimwahidi kurudi baada ya mavuno. Sikusema mavuno ya mwaka gani.

*

Kitabu cha tatu kilitoka, na hakikukaa madukani. Kilipanda treni, kikauzwa madirishani mpaka Tura na mbele yake. Walioshindwa kukinunua walikipiga picha kwa simu, kikaingia kwenye magrupu, kikafika mahali ambapo miguu ya Mpagazi isingefika. Kwenye jalada la nyuma niliweka picha yangu, nimetabasamu, brashi sikioni. Watoto wa Gongoni walijifunga shuka shingoni wakawa Mpagazi wote, pakakosekana wa kuwa Bibi. Ikabidi wapige kura, na aliyeangukiwa na kura alilia kabla hata hajazomewa.

Nilipaswa kulisoma lile chozi. Mimi nilihesabu majoho.

Jumanne ya wiki ya tatu alikuja mtu na pikapu ya parokia, kiatu kimejaa mchanga. Alikuwa Leodgar, katekista wa kijijini kwa Yustina. Nilimkumbuka akiwa kijana mwembamba wa kupiga kengele; sasa ana mvi. Alisalimia baraza zima kwa mkono, mtu mmoja mmoja, akakataa kahawa, akaniomba tuongee pembeni. Nyuma ya kibanda akafungua Biblia, akatoa ukurasa uliochanwa. Palikuwa na tundu la msumari katikati ya paji la uso wa Bibi Macho Moto.

"Hii ni kazi yako, fundi?"

"Ni yangu."

"Ilipigiliwa mlangoni kwa Mama Yustina Jumapili, tukiwa kanisani. Geuza."

Nyuma, kwa kalamu ya mkaa, mtu alikuwa ameandika: TUNAKUJUA.

"Jana wamerusha mawe juu ya bati," Leodgar aliendelea kwa sauti ileile ya kusoma matangazo ya ibada. "Jumamosi wameitisha mkutano. Mimi mikutano hiyo naijua, fundi. Wanaoingia wanaongea, na wanaotoka hawaongei tena. Padre kanipa gari nimtoe leo. Amekataa. Anasema yupo mwanawe mjini, anaitwa Shaban, hataondoka mpaka huyo amfuate." Akanitazama. "Hajui kuwa mchoraji ni wewe. Au sijui kama hajui. Yule mama ni vigumu kumjua anajua nini."

Barazani Issa alikuwa anaita, "Fundi, njoo bwana, hadithi inapoa!"

Nikapanda pikapu bila kumuaga mtu.

*

Gari halikuweza kuvuka mchanga wa mto, tukaliacha ng'ambo, kwenye uwanja wa godauni ambako wakulima hupimia tumbaku, tukaenda kwa miguu. Ilikuwa saa sita mchana. Nilimkuta ameketi kivulini mwa bani lake, kulia na kushoto kwake magofu mawili meusi.

"Shikamoo, mayu."

Uso wake uligeukia sauti, si mimi. Macho yalikuwa mekundu kweli, na juu ya wekundu palikuwa na utando kama maziwa yaliyopoa.

"Marahaba, baba. Shabani, ndiye wewe? Umenenepa. Nasikia pumzi yako imenenepa."

Leodgar akacheka kidogo, akaingia ndani kufunga mizigo. Mimi nikakaa chini.

"Mavuno yamekwisha?" Yustina aliuliza.

Akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa ukurasa mwingine, umekunjwa mara nne.

"Walibandika wa kwanza, Leodgar kauchukua. Wakabandika na huu. Watoto wanapita wanacheka, watu wazima wanapita kimya. Ninamwambia Leodgar anisomee, anasema ni mchezo wa watoto. Haya, wewe ni msomi. Nisomee."

"Ni picha tu, mayu."

"Basi nisomee picha."

Ningeweza kumwambia ni tangazo la sabuni. Jua lilikuwa limesimama juu yetu kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Kuna mtu ana joho jeupe," nilisema. "Amebeba mzigo."

"Mpagazi."

"Ndiyo. Na kuna mwanamke. Mzee."

"Yukoje?"

"Mgongo umepinda."

"Wangu pia umepinda. Macho?"

"Mekundu."

"Analala wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Ana nyumba?"

Sikuwa nimemchorea nyumba. Mpagazi nilimpa njia nzima, na mbuzi niliwapa zizi. Yeye nilimtoa tu kwenye moshi kila nilipohitaji watu waogope. "Haionekani," nilisema.

"Na mwisho wake?"

"Anafukuzwa. Anaondoka na furushi lake, watu wanapiga makofi."

"Anakwenda wapi?"

"Ukurasa unaishia hapo."

"Aa." Akapangusa jicho kwa kisigino cha kiganja. "Mkononi ana kitu?"

Nilitazama mkono wake uliolala pajani. Kamba ilikuwa mpya. Fundo lake lilikuwa lilelile.

"Ana kamba, mayu."

"Mkono gani?"

Mbuzi alilia mahali fulani. Leodgar aliburuta sanduku ndani.

"Wa kushoto," nikasema.

Yustina akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za mgeni wa siku nyingi.

"Wa kushoto," alirudia. "Kumbe hukusahau."

Ningependa kuandika hapa kwamba nililia, au kwamba nilimshika miguu. Nilikaa tu, nikaukunja ukurasa upya mara nne, kama nilivyoukuta. Ni yeye aliyenyoosha mkono ili nimwinue.

*

Tulikuwa na mizigo miwili, sanduku la bati na mkeka wenye nguo. Leodgar akachukua mkeka na mkono wa Yustina. Mimi nikaweka sanduku begani. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na kila nilipotaka kulihamishia bega jingine niliona haya, nikaliacha liniume hapohapo.

Njia ya kurudi garini ilipita katikati ya uwanja wa godauni, ambao tuliuacha mtupu; sasa upimaji wa tumbaku ulikuwa umeanza. Walikuwa watu mia, labda zaidi. Mazungumzo yalikatika tulipotokea. Kisha kijana mmoja aliyekuwa juu ya robota la tumbaku akanikazia macho, akatoa simu, akaitazama, akanitazama tena.

"Huyu si ndiye wa jalada la nyuma? Jamani! Mpagazi kaja mwenyewe!"

"Kweli, ndiye! Tazama mzigo begani!"

"Kamtoa! Mpagazi kamtoa!"

Makofi yakaanza. Yalianza machache, yakaungana, yakashika mwendo mmoja, na mimi nilijua mwendo ule kwa sababu niliuchora: watu wamejipanga huku na huku, midomo wazi, kizee katikati ameinama, furushi, njia. Sikukosea hata mkunjo mmoja wa nguo. Mama mmoja alipiga kigelegele.

"Ni mama yangu!" nilipiga kelele. "Huyu ni mama yangu mimi!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Fundi ana utani huyu!"

"Mchukue basi mama yako, akakufungie mvua mjini!"

Nilisema tena. Kila niliposema walicheka zaidi, maana Mnyamwezi akitaja mama mbele ya watu kwa sauti kubwa, huo ni utani tu. Ukweli wa mama hausemwi kwa kelele. Niliinua uso ili wauone vizuri, lakini sanduku lilikuwa limenitupia kivuli.

Yustina alitembea. Mbele ya gari akasimama, akageuka upande wa makofi.

"Kwaherini," alisema, kwa adabu, kama atokaye harusini.

*

Tulifika Gongoni jua likielekea kushuka. Baraza limefurika. Issa alikuwa kwenye kigoda changu, na niliposhuka alifungua mikono.

"Huyo! Umetukimbia bila kwaheri. Tupe habari, fundi, na usiikate mkia."

Alikuwa hajamwona aliyeshuka nyuma yangu. Zamda alimwona. Aliweka kikombe chini.

Nikatua sanduku. Bega liliwaka. Watu wote walikuwa wananitazama kwa uso ule nilioupenda kuliko nyuso zote duniani, uso wa kusubiri hadithi, na nilijua nikianza kwa mzaha watanichukua, watanibeba mpaka mwisho, na hapatakuwa na ubaya.

"Huyu ni Mama Yustina," nilisema. "Alinilea misimu miwili. Ile kamba mliyoicheka alianza kuivaa kwa ajili yangu, nisipotee. Nilijua nilipokuwa naichora."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akakohoa.

"Utani huo, fundi," Issa alisema.

"Si utani."

"Lakini mimi nilisema tu yale watu..."

"Ulisema, Issa. Mimi ndiye niliyechora."

Issa akasimama kutoka kwenye kigoda polepole, akakifuta kwa kiganja, akakisogeza mbele ya Yustina. Zamda alijifunga kanga upya, akakumbuka ameacha chungu motoni. Mwingine akakumbuka duka. Waliondoka mmoja mmoja, kwa upole, kila mmoja na sababu yake mkononi, na kibanda changu kikawa kitupu kabla jua halijazama, birika likiwa bado linatoa mvuke.

Asmahani alitoka ndani na maji. Alikuwa amesikia yote. Alipita mbele yangu kama apitaye mbele ya nguzo.

"Shikamoo, mama. Karibu kwako."

"Marahaba, mwanangu." Yustina alinywa, akasikiliza. "Nilisikia nyumba imejaa watu. Wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda kuswali, mama," Asmahani alisema. Adhana ilikuwa bado.

Mezani palikuwa na karatasi ya kitabu cha nne. Mpagazi alikuwa amesimama juu yake bila mkanda, akingoja wino mwekundu. Niliigeuza kifudifudi. Yustina alikuwa amefungua sanduku na anapapasa ndani, na nikaona kilicholifanya zito: mafungu kwa mafungu ya kamba za kufungia majani, yameviringwa vizuri kama ya mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. Akachomoa unyuzi mmoja, akaukata kwa meno.

Nikafikiri yake imelegea njiani. Nikapiga goti nimfunge.

"Lete mkono," alisema.

"Wewe ndiye wa kufungwa, mayu. Mimi nita..."

"Lete mkono. Kwani aliyepotea ni nani?"

Nikampa wa kushoto. Vidole vyake vilitafuta kifundo, vikakipata, vikazungusha. Nje, watoto wenye majoho ya shuka walipita mbio wakiita Bibi Macho Moto, jina nililowafundisha mimi, wakilirefusha mwishoni kama wimbo. Vidole vikasita kwenye fundo, mara moja tu. Kisha vikaendelea kukaza.